Wahasibu waendapo vikundini, wawachukue na wanafunzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwashukuru wahasibu wa mkoa wetu wa Tanga, ambao kupitia chama chao wamekuwa wakizitoa siku zao za mapumziko kuwafundisha wanachama wa VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, namna ya kutunza hesabu bila kudai malipo. Pamoja na shukrani hizo nina ombi moja, ambalo nalitoa nikiwa mwalimu wa masomo ya biashara katika shule ya sekondari ya kata: wanapokwenda kwenye vikundi, wasiende peke yao, bali wawachukue na wanafunzi wetu.

Hadi sasa kazi hizi mbili zimekuwa zikifanyika mbalimbali. Siku moja wahasibu huja shuleni kueleza taaluma yao, ngazi za mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) na njia ya kukipata cheti cha CPA, yaani cha mhasibu aliyethibitishwa. Siku nyingine huenda kwa akina mama na vijana wenye vikundi. Maelezo ya shuleni yana faida yake, kwani mtoto ambaye hajawahi kukutana na mhasibu hawezi kuitamani kazi hiyo. Hata hivyo, mwanafunzi hujifunza zaidi akiwekewa daftari halisi mbele yake, na hilo nimelishuhudia.

Mhasibu mmoja wa chama hicho alikubali kufuatana na wanafunzi wachache wa kidato cha tatu hadi kwa kikundi cha akina mama wanaouza machungwa wilayani Muheza. Kikundi hicho huweka hisa kila wiki, hutoza riba ya asilimia 10 kwa kila mkopo, na hutunza fedha katika sanduku la kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti. Ulinzi wa fedha ulikuwa mzuri, ila daftari ndilo lililokuwa na matatizo: hisa, mfuko wa jamii, faini na marejesho ya mikopo vyote viliandikwa katika safu moja. Mwanafunzi wangu hodari wa kuandaa urari (orodha ya kulinganisha masalio ya akaunti zote), aliyezoea maswali ya kitabuni ambamo kila kiasi kimekwisha kupewa jina la akaunti yake, alikwama kabisa. Mhasibu hakumfanyia kazi hiyo. Alimwelekeza aanze na kinachoonekana, yaani fedha zilizomo sandukuni zihesabiwe mbele ya wenye funguo, kisha arudi nyuma ukurasa kwa ukurasa akitenganisha kila ingizo. Walipofika kwa mwanachama aliyekopa shilingi 200,000 na kurejesha 220,000, binti yule alimuuliza mweka hazina, “Mama, hii elfu ishirini iliyozidi imeandikwa wapi?” Mama akamjibu, “Ni riba, mwanangu, lakini sikujua pa kuiweka.” Riba za mwaka mzima zilikuwa zimemezwa ndani ya marejesho, na kwa hali hiyo kikundi kisingeweza kuijua faida yake siku ya kuvunja kikoba, wanachama wanapogawana akiba na faida. Sote tunafahamu ni vikundi vingapi vimesambaratika siku hiyo, majirani wakashutumiana wizi ilhali hakuna aliyeiba.

Faida ya somo hilo haiishii kwenye kikundi. Wengi wa akina mama hao wana biashara ndogo zinazotozwa kodi ya makadirio, yaani kodi inayopangwa kwa kiwango cha mauzo ya mwaka, na katika utaratibu huo mwenye kumbukumbu hupata unafuu ambao asiye nazo haupati. Kwa viwango ambavyo nimekuwa nikiwafundishia wanafunzi, mfanyabiashara mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu hutozwa shilingi 100,000, wakati mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4, ambayo ni shilingi 30,000. Mwanafunzi anayeweza kumweleza mama yake jambo hilo, na kumsaidia kuandika mauzo kila jioni, ameisaidia familia yake hata kabla ya kufanya mtihani wa taifa.

Wapo wazazi na wanakikundi waliouliza, kwa haki kabisa, kama inafaa watoto kuziona fedha za watu. Kutunza siri ni sehemu ya maadili ya wahasibu, na sioni sababu ya kusubiri chuo kikuu ndipo kijana aanze kulifahamu hilo. Kikundi kitoe ridhaa kwanza, daftari lisitoke mahali pa mkutano, wanafunzi wasilipige picha, na mhasibu awepo muda wote. Pasipo masharti hayo mimi mwenyewe nisingewaruhusu wanafunzi wangu kwenda.

Kuhusu wakati, naona Oktoba ndio mwezi unaofaa zaidi. Taasisi za serikali, ambazo mwaka wao wa fedha huisha Juni 30, hutakiwa kuwasilisha hesabu zao kwa ukaguzi ndani ya miezi mitatu, hivyo wahasibu wake huwa wamepumua kidogo. Shule huwa hazijafunga. Na vikundi vingi ambavyo huvunja vikoba mwezi Desemba huwa bado vina muda wa kusahihisha makosa.

Mwisho, naiomba NBAA ifikirie kuzihesabu saa za kujitolea kwa namna hii miongoni mwa saa za kujiendeleza kitaaluma ambazo wahasibu hutakiwa kuzitimiza. Kumwongoza mwanafunzi kupanga upya hesabu za mwaka mzima zilizochanganyika ni kazi ya kitaaluma kamili. Kwa upande wetu, walimu tuko tayari kuandaa wanafunzi, kuomba vibali kwa wakuu wa shule na kuzungumza na viongozi wa vikundi mapema, ili chama kikija kikute kila kitu kimepangwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa masomo ya biashara,
Tanga