Madaftari yetu yalikwenda wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi ni mama wa dagaa hapa Igombe, Ilemela, kando ya Ziwa Viktoria, huu ni mwaka wangu wa 23. Juzi mliandika habari za mashirika ya hisani ya nje yanayotoa ruzuku za utafiti na uhifadhi wa viumbe wa majini, mkawahimiza vijana wa vyuo waombe. Waombe, sawa. Ila kwanza wanisikilize mimi niliyewahi kula ruzuku hizo, shilingi 10,000 kwa siku.

Miaka kadhaa nyuma mradi mmoja wa kupima samaki ulifika mwaloni kwetu, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Siutaji, maana vijana waliokuja nao walikuwa waungwana na chai tulikunywa pamoja. Tulichaguliwa wanne. Tukapewa ubao wa kupimia samaki, mizani ya kuning'iniza, na madaftari ya jalada gumu. Tukaambiwa tutumie penseli, kwani wino na maji ya samaki haviivi chungu kimoja. Saa 12 asubuhi nilikuwa nimeshafika, isipokuwa siku za mbalamwezi ambazo mitumbwi ya dagaa haitoki. Ndoo moja unaimwaga kwenye turubai, unachambua: dagaa huku, furu, wale samaki wadogo wa ziwa wenye aina nyingi, huku, vitoto vya sangara kule. Unapima, unaandika. Mwanzoni nikipita tu, sangara wasiofika sentimita 50 wanafunikwa na nyavu. Ilinichukua miezi miwili wavuvi kuamini kwamba mimi si mtu wa doria. Nilikaa nao, nikala nao ugali, nikasutwa na wake zao. Kazi hiyo hakuna fomu iliyokuwa na nafasi ya kuiandika.

Nilijaza madaftari 11. Siku mradi ulipokwisha gari lilikuja, likabeba madaftari, mizani, hata ule ubao. Matokeo mtaletewa, wakasema. Sijaona kitu mpaka leo. Na anayeulizwa ni mimi. "Mama, zile namba zetu zilisemaje?" Wengine wanacheka, wanasema niliwauza.

Msinielewe vibaya, daftari nalijua thamani yake. Marehemu baba alikuwa akiwavusha kwa mtumbwi Waholanzi wa Chuo Kikuu cha Leiden, walioanza kazi katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977. Walikuta furu wa kila namna na wakawahesabu kabla sangara hajalijaza ziwa. Ndiyo maana leo inajulikana kwamba mamia ya aina za furu zilipotea katika miaka ya 1980. Bila maandishi yale tungekuwa na hadithi za wazee tu, na mzee akisema zamani samaki walikuwa wengi nani anamsadiki?

Furu mmoja wa kwenye miamba walimpa jina la Mwalimu: nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi. Jina lake la mbele siku hizi ni Pundamilia, Kiswahili kitupu, na limeandikwa katika vitabu vya sayansi dunia nzima. Baba alifariki akimwita furu tu. Mimi mwenyewe majina hayo nilikuja kuambiwa na mwanafunzi aliyepita kununua dagaa wa shilingi 2,000.

Huyohuyo alinieleza jambo jingine ambalo watafiti walilitoa mwaka 1997 kutokana na furu wa ziwa letu. Jike humchagua dume kwa rangi. Mbolea za mashambani na maji taka yakiingia ziwani, mwani unanawiri, maji yanakuwa mazito na mwanga haupenyi. Jike hatofautishi tena dume mwekundu wa aina yake na dume wa buluu wa aina nyingine, wanazaliana ovyo, na aina mbili zinageuka moja. Samaki wapo, wavu unajaa, kumbe kuna aina imekwisha bila hata mmoja kufa kwa sumu. Mhariri, niliduwaa na kipimo changu cha dagaa mkononi. Tumebandikiwa mabango mangapi ya "tunza mazingira"? Hakuna hata moja lililonieleza hivyo.

Nilipokwenda Mafia harusini kwa mpwa wangu nilisikia mambo ya kasa. Sea Sense, shirika la kuhifadhi viumbe wa baharini, limekuwa likimlipa anayetoa taarifa ya kiota, kisha linamwongeza kwa kadiri mayai yanavyoanguliwa. Kwa hiyo mtu wa pwani hasubiri ripoti. Siku ya kuangua yupo pale ufukweni anahesabu kwa kidole, maana fedha yake imo humo.

Sisi wa maji baridi hata mlangoni hatufiki vizuri, kwa sababu wafadhili wengi wakisikia viumbe wa majini wanawaza kasa, nguva na papa potwe. Ilhali mwaka 2018 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilieleza kwamba kati ya viumbe wa maji baridi iliowachunguza ambao hawapatikani popote nje ya bonde hili la Viktoria, asilimia 76 wako hatarini kutoweka.

Basi kijana unayejaza fomu ya ruzuku, pale kwenye bajeti, baada ya gari na semina ya hotelini, ongeza mstari. Nakala moja ya kila daftari ibaki katika ofisi ya BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo. Ubao uachwe. Na matokeo yaje yasomwe mwaloni kwa Kiswahili, wakati wa mbalamwezi, wanaume wakiwa nchi kavu wanashona nyavu na hawana pa kukimbilia.

Daftari la 12 ninalo. Lilikuwa halijafika nusu gari lilipokuja, hawakulidai. Upande wa nyuma nimeandika madeni ya dagaa, mbele ni vipimo vya siku 19. Mtafiti anayelitaka aje Igombe, nitamsomea mstari kwa mstari. Ila kuondoka nalo, hapana.

Mama wa dagaa,
Igombe, Mwanza