Kompyuta nayo iache mipira mibaya

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kuwa gemu za besiboli hazina uhalisia kwa sababu kompyuta inapiga kila mpira, kisha akawashauri vijana wapandishe ngazi ya ugumu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Kansas City, Missouri. Besiboli naifuata uwanjani, na nyumbani nacheza MLB The Show, gemu ya video ya besiboli ya ligi kuu ya Marekani, na wanangu. Kasoro anayoisema ipo kweli. Dawa yake ndiyo sikubaliani nayo.

Kazi ya kwanza ya mpigaji ni kuchagua. Mrushaji akikosa eneo la straiki, yaani nafasi iliyo mbele ya mpigaji ambamo mpira huhesabiwa mzuri, mara nne na mpigaji akatulia, mpigaji anapewa besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia, bure. Katika ligi kuu ya Marekani miaka hii, hilo huwapata wapigaji kama 8 katika kila 100, na wengine 22 au 23 hutolewa kwa straiki tatu, yaani kwa kuukosa mpira au kuuacha mzuri upite. Kwa wastani kila mpigaji humtoa mrushaji jasho la karibu mirusho minne. Ndiyo maana mrushaji aliyeanza mechi, akikaribia mirusho 100, mara nyingi kwenye inningi (awamu ya mchezo, kwa kawaida tisa kwa mechi) ya tano au ya sita, meneja humpumzisha.

Kwetu, kabla hatujagusa chochote, kompyuta ilikuwa na pupa. Mrusho wa kwanza, gongo. Wa pili, gongo. Mwanangu mkubwa alikuwa akimaliza inningi zote tisa kwa mirusho isiyozidi 80, kwa mrushaji mmoja. Tulipopandisha ugumu, tukafungwa zaidi, lakini hesabu ya mirusho haikusogea kwa maana.

Kilichosaidia ni vile vitelezi vya mipangilio ya gemu, yaani vidhibiti vya kusogeza kwenye skrini, vinavyoanzia 0 hadi 10. Tulisogeza kimoja kimoja, hatua moja tu, tukacheza mechi kadhaa kabla ya kugusa kingine. Tulianza na cha faulo, maana mpira unaopigwa nje ya mistari ndio unaorefusha zamu ya mpigaji na kumchosha mrushaji. Nani ameshinda hatukujali. Tulitazama jumla ya mirusho na besi za bure.

Hata hivyo hakuna kitelezi kitakachomsaidia kijana anayerusha straiki tupu. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ndilo linalosahaulika. Warushaji wa kweli, karibu nusu ya mipira yao hupita nje ya eneo la straiki, na mingi huwa ya makusudi, ya kumtega mpigaji. Usipomrushia mpigaji wa kompyuta mpira wa nje, ataacha nini? Besi za bure atazipata wapi?

Tena tusiwafanye wapigaji wote watulivu sawasawa. Mwaka 2021 Salvador Perez, mdakaji wa Royals, timu yetu hapa, alipiga homurani (mipigo ambayo kwa kawaida huvusha mpira nje ya uwanja) 48, na besi za bure akapata 28 tu. Mwaka huohuo Juan Soto, akiwa timu ya Washington Nationals, alipata besi za bure 145. Perez wa kwenye gemu akiufuata mpira wa chini ulioko nje kabisa, namtambua: ndiye yule ninayemwona Kauffman Stadium, uwanja wa Royals, na simtaki abadilishwe. Soto akifanya hivyo zamu baada ya zamu, hapo mipangilio ina tatizo. Mtu anayesukuma vitelezi mpaka hawa wawili wakafanana amepata wastani mzuri wa ligi na kuwapoteza wachezaji wenyewe.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba waandishi wa ukurasa wako wa gemu wanapopima gemu yoyote ya michezo, watueleze mpinzani wa kompyuta anachezaje, zaidi ya ubora wa picha na jezi. Kwa besiboli, wacheze mechi nzima ya inningi tisa na kuchapisha idadi ya mirusho ya kila upande. Mzazi anayetaka kumnunulia mwanawe gemu hiyo atafaidika sana na namba hizo.

Msomaji wenu,
Kansas City, Missouri, Marekani