Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wafugaji wa Ng'ombe wa Maziwa, Moshi

Ndugu wanachama,

Mambo ya kawaida mnayajua. Pingili za mabingobingo, majani ya kulishia ng'ombe, ziligawiwa, semina ya ukamuaji ilifanyika, ziara haikufanyika. Hesabu atasoma mhazina.

Niingie kwenye lusini, yale malisho yetu ya jamii ya kunde. Nimesikia maneno, mengine mpaka kwenye pombe ya mbege, kwamba mwenyekiti alifyeka lusini ya shamba darasa mwezi wa tano, katikati ya masika, kabla haijachanua, na sehemu ikaoza. Sikatai. Nilifyeka, tena kwa mkono wangu. Lakini walioliona shamba lile kabla ya kukatwa hawafiki watano. Majani ya chini yalijaa madoa ya kahawia, madogo kama punje ya ulezi, na doa likikomaa katikati linatoa kipele. Kipele hicho ndicho kinachorusha mbegu za ukungu. Jani linageuka njano, linadondoka, na pale chini kwenye unyevu linaendelea kurusha mbegu, upepo unazipeleka kwenye majani mabichi. Protini ya lusini iko kwenye jani. Ningesubiri maua, ng'ombe wangekula vijiti.

Kuna aliyetangaza kwamba kutu ya kahawa, ule ugonjwa wa majani ya mibuni, imehamia kwenye malisho. Kutu ya kahawa haili lusini. Lusini ina kutu yake, na hiyo ukiipangusa inaacha unga mwekundu. Nilipangusa kwa leso nyeupe mbele ya katibu, haikuacha kitu.

Halafu mashine ya kukatia. Inasemwa ndiyo iliyosambaza madoa, kwa kuwa ilianzia kwangu. Ilianzia kwangu kwa sababu mafuta nilinunua mimi. Na madoa haya hayangoji mashine, yana upepo. Kinachopanda kwenye visu, na kurukia mimea jirani kwa matone ya mvua, ni chule, ugonjwa mwingine wa ukungu, ule wa mabaka marefu kwenye shina. Ndiyo maana niliagiza visu vioshwe, shamba safi likatwe kwanza, na mtu asikate kukiwa na umande. Mkaniita jeuri. Wale wa kumwagilia jioni kwa mpira nao niliwaambia: jani linalolala limelowa linaukaribisha ukungu.

Haya yote niliitisha kikao kuyaeleza. Kati ya wanachama 58 tulifika 11, wawili wakaaga kabla ya chai. Waliolalamika zaidi hawakuwemo. Ada hawajalipa 34, wengine tangu mwaka juzi, na haohao ndio wa kwanza kupiga simu kuuliza mashine iko kwa nani. Spea ya mwezi wa nane imetoka mfukoni mwangu; risiti ninazo, anayetaka azione.

Mwakani, Mungu akipenda na fedha zikipatikana, tutatafuta mbegu inayostahimili madoa, na pengine tujaribu desmodiamu, malisho mengine ya jamii ya kunde, upande wa juu wa shamba.

Aliyebaki na ufunguo wa stoo aurudishe leo, kabla ya chakula.

Mwenyekiti