Kwa mpwa wangu, aliyekifunga kitabu kwa hasira

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Mama yako ameniambia umemaliza kusoma To Kill a Mockingbird, riwaya ya Harper Lee kuhusu wakili Mzungu anayemtetea mtu mweusi aliyesingiziwa kubaka, na ujumbe wako nimeupata. Umeandika: wakili kashindwa, mtu asiye na hatia kauawa, halafu watu wanasifu ushujaa. Ushujaa gani huo? Nimeona nikujibu hadharani kwa sababu swali hilo si lako peke yako. Vijana wengi wanaokisoma kitabu kile hubaki nalo, na jibu wanalopewa ni kumsifu Atticus Finch, wakili yule, basi, kesi imefungwa.

Umesema pia kwamba mwandishi angeweza kumwachia Tom Robinson, mshtakiwa yule mweusi, ashinde, maana hadithi ni yake mwenyewe. Hapo sikubaliani nawe. Harper Lee alizaliwa mwaka 1926 katika mji mdogo wa Monroeville, Alabama, na baba yake alikuwa wakili. Alikuwa hajatimiza miaka mitano pale vijana tisa weusi walipokamatwa kwenye treni ya mizigo katika jimbo hilohilo, Machi 1931, wakasingiziwa kuwabaka wasichana wawili wa Kizungu. Kesi ziliendeshwa katika mji wa Scottsboro haraka haraka, na wanane kati yao wakahukumiwa kifo. Mahakama ya Juu ya Marekani ikazitengua hukumu zilizofika mbele yake mwaka 1932. Kesi ikaanza upya mwaka uliofuata, na mmoja wa wasichana wale, Ruby Bates, akasimama mahakamani akakana maneno yake ya mwanzo: hakuna aliyebakwa. Ungedhani mambo yameisha. Baraza la waamuzi, wote wanaume wa Kizungu, likamtia hatiani mmoja wa vijana wale, Haywood Patterson, vilevile. Jaji James Horton akaufuta uamuzi ule kwa sababu ushahidi haukusimama, na mwaka 1934 wapigakura wakamnyima kiti chake. Msamaha wa mwisho kutoka Alabama ulitolewa mwaka 2013, wote tisa wakiwa wameshafariki.

Sasa niambie, mpwa wangu, ni kwa uaminifu gani mwandishi wa Alabama angetuandikia, mwaka 1960, kwamba katika miaka ile mtu mweusi aliyesingiziwa kubaka alitoka mahakamani akiwa huru? Angetupa faraja ya uongo. Afadhali hasira yako.

Turudi kwenye ushujaa. Atticus anamweleza mwanawe Jem maana yake baada ya kifo cha Bi Dubose, yule bibi jirani mwenye mdomo mchafu aliyekuwa akiwatukana kila wakipita kwa sababu baba yao anamtetea mtu mweusi. Jem alimharibia maua yake ya kamelia, na adhabu yake ikawa kwenda kumsomea vitabu kila siku. Baadaye ndipo anapojua kwamba bibi yule alikuwa ametawaliwa na mofini, dawa aliyopewa kwa maumivu, na alikuwa akipigana kuiacha ili afe bila kutawaliwa na kitu. Alifaulu. Atticus anamwambia mwanawe kwamba shujaa si mtu mwenye bunduki mkononi. Shujaa ni yule anayejua ameshashindwa kabla hajaanza, lakini anaanza, na anaendelea mpaka mwisho.

Ni maneno mazito, nayapenda. Ila sijawahi kuridhika na mtu aliyechaguliwa kuwa mfano wake. Kwa nini funzo la ushujaa, ndani ya kitabu kuhusu dhuluma kwa watu weusi, litolewe kupitia bibi aliyewadharau watu weusi hadi pumzi yake ya mwisho? Naelewa Atticus alitaka watoto wake waone wema hata kwa mtu anayewachukia. Lakini tukiyachukua maneno yake kama yalivyo, yupo mtu mwingine ambaye yanamkaa sawasawa kuliko bibi yule, na kuliko Atticus mwenyewe. Huyo ni Tom.

Mtazame kizimbani. Mkono wake wa kushoto haufanyi kazi tangu ulipong'ang'aniwa na mashine ya kuchambua pamba akiwa mtoto. Mayella Ewell, binti wa Kizungu anayedai Tom alimbaka, alipigwa upande wa kulia wa uso, na baba yake, Bob Ewell, ni mtu wa mkono wa kushoto. Atticus anayaonyesha hayo taratibu, moja baada ya jingine, mpaka kila aliyemo ukumbini anaelewa nani hasa alimpiga binti yule. Wasomaji wengi huishia hapo, wakistaajabia akili ya wakili. Mimi huwa nasimama pale Tom anapofungua kinywa. Anasema, mbele ya wanaume wa Kizungu wenye uhai wake mikononi, kwamba ni Mayella aliyemkumbatia na kumbusu, na kwamba yeye alikimbia. Anajua wanachofanyiwa watu weusi kwa maneno kama hayo. Anapotakiwa aseme kama Mayella anadanganya, anakuwa mwangalifu: hasemi anadanganya, anasema amekosea. Alijua mipaka yake ilipo, na ndani ya mipaka hiyo akasema ukweli wote.

Kisha mwendesha mashtaka, Bwana Gilmer, anataka kujua kwa nini alikuwa akimfanyia binti yule kazi bila malipo. Tom anajibu kwamba alimwonea huruma. Ukumbi unabadilika papo hapo. Maycomb, mji wa hadithi hii, ilikuwa imejengwa juu ya wazo kwamba Mzungu wa mwisho kabisa, hata anayeishi kando ya jaa la taka kama akina Ewell, yuko juu ya kila mtu mweusi. Huruma hutoka kwa aliye na nafuu kwenda kwa asiye nayo. Kwa jibu moja Tom aliipindua ngazi yao, na kosa hilo hawakuweza kulisamehe. Msimulizi anasema Tom alitambua amekosea. Kwangu mimi, huyo ndiye mtu pekee katika mji mzima aliyemwona Mayella kuwa binadamu mwenye shida.

Simpunguzii Atticus hadhi. Alikaa usiku mlangoni mwa jela peke yake, akisoma gazeti chini ya taa, huku akijua kuna watu watakuja kumtoa Tom. Watoto wake waliingizwa hatarini kwa ajili ya kesi ile. Lakini kesi ilipokwisha alirudi nyumbani akalala kitandani kwake. Tom alipigwa risasi kumi na saba kwenye shamba la gereza.

Na Scout, mtoto anayetusimulia hadithi? Umesema anakua haraka mno, kwamba ni mtoto mwema tangu ukurasa wa kwanza. Rudi kwenye sura ya 19. Rafiki yake Dill anatoka mahakamani analia kwa jinsi Gilmer anavyomsemesha Tom kwa dharau. Scout anamtuliza kwa kumwambia kwamba, hata hivyo, Tom ni mtu mweusi tu. Ni Scout huyuhuyu tunayempenda, binti wa Atticus, aliyeketi roshanini katika viti ambavyo watu weusi wanne waliinuka wakawapisha yeye na wenzake. Malezi mema ya nyumbani hayakutosha kuyazima maneno ya mji mzima. Miezi michache baadaye, darasani, mwalimu wake Bi Gates anaeleza kwa uchungu jinsi Hitler anavyowatesa Wayahudi, na Scout anakumbuka kumsikia mwalimu huyohuyo, siku ile ya kesi, akisema kwamba wakati umefika watu weusi wafunzwe adabu. Anarudi nyumbani akimuuliza Jem inawezekanaje. Hapati jibu. Lakini linganisha mtoto anayeuliza hivyo na yule aliyemtuliza Dill, utaona amefika wapi. Hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote anazopiga, kwa sababu safari hii hakuna aliyemwelekeza.

Lawama yako nyingine naikubali: mwandishi anatuweka roshanini na watu weusi, lakini ni mara chache anatuambia wanawaza nini. Hata hivyo ameacha mianya, na naomba uichungulie. Kanisani kwa Calpurnia, mpishi mweusi wa akina Finch, Mchungaji Sykes anafunga milango na kukataa kuwaruhusu waumini watoke mpaka zitimie dola kumi za kumsaidia Helen, mke wa Tom. Ni watu maskini katika miaka ya njaa na ukosefu wa kazi, wengi hawajui kusoma, wanaimba kwa kufuatisha mstari baada ya mstari, na dola kumi zinatimia. Baadaye Helen anapata kazi kwa Link Deas, aliyekuwa mwajiri wa Tom, lakini analazimika kuzunguka karibu maili nzima kwenda na kurudi kazini, kwa sababu akipita kwa akina Ewell wanamsumbua. Mjane mwenye watoto watatu anatembea njia ndefu kila siku ili alishe nyumba. Kitabu kinamtaja kwa aya chache tu. Mimi ningesoma riwaya nzima juu ya safari ile.

Mwaka huu unaanza shahada ya sheria, na ndiyo maana nimeandika kirefu hivi. Kabla hujaondoka, isome tena sura ya 19 polepole, uniandikie jambo moja: ungekuwa wakili wa Tom, na usiku wa kuamkia kesi akakuuliza amjibu nini Gilmer akiulizwa kwa nini alifanya kazi bure, ungemshauri aseme ukweli ule, au aufiche ili labda aokoe roho yake? Mimi jibu langu ninalo, lakini nitangoja la kwako kwanza.

Mjomba wako