Kahawa yetu haiamuliwi Strasbourg

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba wabunge wa Bunge la Ulaya hufanya kazi siku nne kwa mwezi, na mwezi uliobaki wanakula posho. Ameandika vizuri na amenichekesha, hasa pale kwenye makasha ya karatasi za wabunge yanayosafirishwa kwa malori. Ila ametazama pasipo penyewe, na sisi wa mikoa ya kahawa, ambao kahawa yetu inauzwa Ulaya kwa sheria zinazopita kwenye Bunge hilo, tukitazama huko huko tutaumia.

Mimi ni mzaliwa wa Karagwe, mkoani Kagera, Tanzania. Naishi Ixelles, hapa Brussels, jirani na Matonge, mtaa wa Wakongomani ambako napata ndizi za kupika, dagaa na mtu wa kusalimiana naye Kiswahili, hata kama ni cha Bukavu. Kutoka Matonge hadi Bunge ni mwendo wa miguu tu. Nahudumia wateja kwenye mkahawa mmoja karibu na uwanja wa Place du Luxembourg, mbele ya Bunge lenyewe. Jikoni kwetu imebandikwa kalenda ya Bunge. Bosi wetu hana habari na siasa, lakini zamu zetu na oda yake ya bia zinafuata rangi za kalenda hiyo. Wiki nyekundu wabunge wako Strasbourg, Ufaransa, nasi tunasugua sakafu. Wiki ya pinki ni ya kamati, hapo hata kukaa hatukai. Ya bluu ni ya makundi ya kisiasa, yaani wabunge wa vyama vyenye mwelekeo mmoja. Ya feruzi mbunge yuko kwao, jimboni, au amesafiri na ujumbe nchi za nje.

Mwenzangu ameona nyekundu tu, maana ndiyo inayoonyeshwa kwenye televisheni. Kweli ni kituko. Wabunge 720, wasaidizi wao, wakalimani wa lugha 24 na watumishi wengine wanahama kwenda mji ulio zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa, wengi kwa treni ya kukodi, na karatasi zao zinafuata kwenye makasha yaliyopakiwa malori. Mara 12 kwa mwaka. Wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya walikadiria mwaka 2014 kwamba shughuli zote zikihamia Brussels zingeokolewa euro milioni 114 kila mwaka. Wabunge wenyewe walikwisha kudai mwaka 2013 wapewe haki ya kuamua wakae wapi. Hawakupewa. Makao ya Strasbourg yamo ndani ya mikataba ya Umoja, na mikataba haiguswi bila nchi zote kukubali. Ufaransa ikubali ili iweje?

Wakifika huko, kikao hufunguliwa Jumatatu saa kumi na moja jioni. Jumanne mjadala, na mchana kura. Mbunge akibahatika anapewa dakika moja ya kusema, ikiisha kipaza sauti kinazimwa. Kwenye kura anakaa na orodha iliyoandaliwa na kundi lake, inayomwambia marekebisho namba fulani ni ndiyo, linalofuata ni hapana, na mkono unapanda na kushuka mpaka njaa inauma. Alhamisi wanamaliza, kila mmoja anakimbilia uwanja wa ndege. Anayetazama haya kwenye runinga lazima aone ni watu wa kupiga makofi. Kwenye posho simtetei mtu: mshahara ni zaidi ya euro 10,000 kwa mwezi kabla ya kodi, na juu yake karibu euro 350 kwa kila siku ya kazi aliyosaini kwamba yupo. Siku za kura, akikosa zaidi ya nusu ya kura zinazoandikwa majina, hiyo posho inakatwa nusu. Na bakshishi wanaacha kiduchu, hilo nalisema kwa uchungu.

Sasa njoo wiki ya pinki. Saa moja na nusu asubuhi meza zetu zimeshajaa. Mbunge mmoja, msaidizi wake, na upande wa pili mtu wa kampuni au wa chama cha wafanyabiashara, wa kahawa, wa chokoleti, wa mbao, wa ngozi. Wanakunywa haraka, nusu saa wanaondoka, kinakaa kikundi kingine. Mara nyingi naona karatasi moja inasukumwa juu ya meza kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Msaidizi mmoja ambaye ni mteja wetu wa kila siku alinieleza karatasi ile ni nini: ni marekebisho ya muswada, yameshaandikwa kwa lugha ya sheria, mbunge akitaka anaweka jina lake tu. Mshawishi anayejua kazi yake hatoi malalamiko, anatoa sentensi iliyo tayari. Saa tatu kamati inaanza. Mchana mbunge aliyekabidhiwa muswada anakutana na wenzake wa makundi mengine kwenye vyumba vidogo, wanabishana kifungu kwa kifungu. Usiku msaidizi anaandika upya. Alhamisi jioni wasaidizi hao na vijana wa mafunzo wanafurika uwanjani kwetu na glasi mkononi, na ukiwa na masikio utajua kifungu gani kimeanguka kabla hakijatangazwa popote.

Nitoe mfano unaotuhusu. Sheria ya Ulaya ya kuzuia mazao yanayotokana na ukataji misitu, ambayo kahawa imo, ilipendekezwa Novemba 2021 na Tume ya Ulaya, chombo cha Umoja kinachoandaa miswada. Mbunge aliyekabidhiwa ni Christophe Hansen wa Luxembourg, ambaye leo ni kamishna wa kilimo. Kamati ya mazingira iliipigia kura Julai 2022. Tarehe 13 Septemba 2022, Jumanne, Bunge likapitisha msimamo wake Strasbourg, na msimamo huo ulitaka kukataliwa zao lolote lililotoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2019. Kisha ikafuata meza ya pande tatu, Bunge, mawaziri wa nchi wanachama na Tume, milango imefungwa. Wakatoka Desemba 2022 na tarehe nyingine: 31 Desemba 2020. Mwaka mzima wa kufyeka misitu duniani ulisamehewa ndani ya chumba kimoja. Kura ya Aprili 2023 ilibariki tu yaliyokwisha kukubaliwa. Tangu hapo kuanza kutumika kwake kumeahirishwa mara mbili, na kila mara mlango wa kuongeza au kupunguza maneno umefunguliwa tena.

Je, wiki ile ya Septemba magazeti ya nyumbani yaliandika nini? Niliyoyasoma mimi yaliandika bomba. Alhamisi ya tarehe 15 Bunge lile lile lilipitisha azimio la kulaumu mradi wa bomba la mafuta kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Uganda ikawaka, Naibu Spika Thomas Tayebwa akaja juu, na kwetu vijiweni ikawa ni bomba asubuhi, bomba jioni. Sisemi lilikuwa jambo dogo, maana bomba linapita Kagera na watu wamehamishwa. Lakini azimio la namna ile ni kauli. Halimfungi mtu. Sheria iliyopigiwa kura siku mbili kabla ndiyo inayomtaka mnunuzi wa Ulaya aonyeshe kwa vipimo vya setilaiti mahali kilipo kibanja cha kaka yangu kule Karagwe.

Na kibanja cha kwetu mnakijua. Mibuni imo ndani ya migomba, juu yake miti ya kivuli aliyoiacha babu. Anayetazama picha kutoka angani ataona shamba au ataona msitu? Hilo ni swali la kuulizwa kwenye kamati, likiwa limeandikwa, na maneno ya kuziba pengo yakiwa chini yake. Kuna kifungu kimoja kinachosema shamba lisilozidi hekta 4 linatosha kuonyeshwa kwa nukta moja ya ramani, si mpaka wote. Kaka yangu anapumua kwa sababu ya kifungu hicho kifupi.

Watu wetu nimewahi kuwahudumia. Walikuja na suti nzuri, ujumbe mzima, sheria ikiwa imeshapita, tena wiki nyekundu. Walizunguka jengo la Brussels wakapiga picha na bendera, kisha wakaingia kwetu kunywa chai wakaniuliza, "Dada, mbona wabunge hawaonekani?" Nikawaonyesha kalenda. Mzee mmoja alinyamaza, akatikisa kichwa, akaniuliza kama naweza kuwapigia hiyo kalenda picha. Nilimpigia.

Kwa hiyo namwomba msomaji mwenzangu na viongozi wa vyama vya ushirika waache kidogo habari za makasha. Ratiba za kamati za mazingira, kilimo na biashara ya kimataifa zinawekwa wazi kwenye tovuti ya Bunge, na vikao vingi vinarushwa moja kwa moja kwenye intaneti. Mtu aliyekaa Kayanga mwenye simu na bando anaweza kumsikia mbunge anayeshika muswada wa kahawa yake. Ubalozi nao uko hapa Brussels, hauhitaji kukata tiketi ya ndege. Na wakiamua kuja wenyewe, waje wiki ya pinki, Jumanne asubuhi, wakiwa na karatasi ya ukurasa mmoja. Wasimng'ang'anie mbunge. Wamtafute msaidizi, ndiye anayeandika, na wamnunulie chai kabla ya saa tatu.

Mwana wa Karagwe,
Ixelles, Brussels