Barua kwa Rukia: nishani za marehemu baba mkwe

Mpendwa Rukia,

Shoga yangu, pole tena kwa msiba wa mzee, wewe na shemeji na mawifi. Umesema sandukuni mwake mmekuta vipande vya utepe wa rangi lakini nishani hakuna hata moja, na shemeji anashuku kuna mtu aliziuza zamani. Umeniuliza mtaziombaje kwa jeshi la Marekani alilotumikia. Mwambie asimdhanie mtu vibaya. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vimepamba moto Marekani ilibana matumizi ya shaba, kwa hiyo askari walipewa utepe peke yake. Nishani ya vita vya Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati, ambayo mzee anaistahili kwa kupigana Ubelgiji, ya kwanza kabisa alikabidhiwa Jenerali Eisenhower, aliyekuwa kamanda mkuu wa vita vya Ulaya, Julai 1947. Wakati huo vijana wengi walikuwa wamesharudi makwao, na aliyeitaka nishani yenyewe ilibidi aandike kuiomba. Wengi hawakuandika. Kwa hiyo huenda mnaomba kitu ambacho hakijawahi kutolewa, na haki hiyo haikufa pamoja na mzee.

Kwanza saini, maana hapo ndipo familia nyingi hukwama. Wewe ni mkwe, na mkwe hayumo katika orodha. Kwa jeshi la nchi kavu anayetambuliwa ni mjane wa marehemu, kisha mtoto mkubwa, kisha baba au mama, kisha ndugu mkubwa, mwisho mjukuu mkubwa. Mama mkwe ametangulia, kwa hiyo zamu ni ya mtoto wa kwanza, naye ni wifi yako wa Cleveland. Najua shemeji ndiye aliyemuuguza mzee, lakini fomu aitie saini wifi. Ambatanisheni nakala ya cheti cha kifo. Kama hakijatoka, barua ya nyumba ya mazishi au tangazo la kifo lililochapishwa hukubaliwa. Tumeni nakala tu. Karatasi halisi isitoke nyumbani.

Fomu yenyewe ni SF 180, inapatikana bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, archives.gov, na huenda kwenye kituo cha kumbukumbu za wanajeshi kule St. Louis, Missouri. Andikeni jina kamili kama alivyoandikishwa jeshini, tarehe na mahali alipozaliwa, namba ya jeshi, na tarehe za kuingia na kutoka. Halafu semeni wazi mnaomba nishani na beji zote anazostahili, na nakala ya karatasi yake ya kutoka jeshini. Nishani kwa mrithi kwa kawaida hazilipiwi. Kinacholipiwa ni nakala za faili: faili la mtu aliyetoka jeshini miaka 62 au zaidi iliyopita huhesabiwa kumbukumbu ya kale, na bei ni dola 25 kwa kurasa 5 au pungufu, dola 70 kwa kurasa 6 na kuendelea.

Namba ya jeshi itafuteni kwa bidii, kwa sababu wenye jina kama lake ni wengi mno. Imechapwa kwenye kile kibati cha shingoni, nayo ina tarakimu nane. Ikianza na 3, alichukuliwa kwa sheria ya kuandikisha vijana. Ikianza na 1, alijitolea. Tarakimu ya pili ni eneo alikoandikishwa, na 5 ni Ohio na majirani zake, ndiyo maana vijana wa huko waliochukuliwa kwa sheria namba zao huanza na 35. Kama kibati cha mzee kinasoma hivyo, mko kwenye njia sahihi.

Sasa jiandaeni kwa jibu kwamba faili liliungua. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu huko St. Louis liliungua, na takriban asilimia 80 ya mafaili ya jeshi la nchi kavu ya waliotoka kati ya 1 Novemba 1912 na 1 Januari 1960 yakateketea. Hayakuwa na nakala. Mzee alitoka mwaka 1945, kwa hiyo uwezekano ni mkubwa wifi akapata barua ya kusema faili halipo. Watu huisoma barua hiyo wakakata tamaa, na inaniuma kila ninaposikia, kwa sababu haina maana ya kunyimwa. Kituo hujenga upya kumbukumbu kutoka vyanzo vingine, hasa hati ya malipo ya mwisho ya mshahara. Hati hiyo inathibitisha kwamba alitumikia na akatoka kwa heshima, lakini haielezi alipigana wapi. Mapigano lazima yaonekane kwingine. Wakiwatumia fomu NA 13075, yaani maswali kuhusu utumishi wake jeshini, jazeni kila mnachojua: kampani, rejimenti, divisheni, makambi aliyopita. Nembo ya begani kwenye picha zake za ujana itawaambia divisheni.

Huku mkisubiri, shemeji aende ofisi ya kumbukumbu ya kaunti alikorudi mzee baada ya vita. Waliorudi walishauriwa kusajili hati zao huko, na nyingi zimo vitabuni hadi leo. Kama aliwahi kuomba mkopo wa nyumba au matibabu ya wastaafu wa jeshi, idara ya wastaafu nayo huenda ina nakala. Msiulizie DD 214, karatasi ya kutoka jeshini ya baadaye, hiyo ilianza 1950. Ya mzee inaitwa WD AGO 53-55, karatasi ya pande mbili, na upande wenye visanduku vya namba ndio wenye mali.

Ukiipata, nenda moja kwa moja kwenye visanduku vya 31 hadi 34. Cha 32 kina kampeni alizopigana, kwa mfano Ardennes, Rhineland na Central Europe. Kila kampeni ni kinyota kimoja cha shaba kwenye utepe, na vitano hubadilishwa kwa kimoja cha fedha. Kisanduku cha 33 kinaweza kusema ana utepe wenye “3 Bronze Stars”. Hivyo ni vile vinyota vya kampeni, wala si Nishani ya Nyota ya Shaba (Bronze Star Medal), ambayo ni nishani kamili inayojitegemea, ingawa watu wengi huvichanganya wakaomba kitu kisichokuwepo.

Ila, Rukia, tazama kisanduku cha 31 kwa makini sana. Kama kuna maneno Combat Infantryman Badge, beji ya askari wa miguu aliyepigana, basi mzee anastahili Nishani ya Nyota ya Shaba yenyewe. Mwaka 1947 jeshi liliamua kwamba kila aliyepewa beji hiyo, au ile ya matabibu wa vitani, kati ya 7 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945 aipate. Mzee alikuwa amekwisharudi uraiani, kwa hiyo karatasi yake haiwezi kuitaja kisanduku cha 33. Msitegemee karani aikumbuke. Iombeni kwa jina, mkiambatanisha nakala ya karatasi yenye hiyo beji.

Kisanduku cha 34 ni cha majeraha. Kikisema “None” na nyinyi mnajua alikuwa na kovu la kipande cha bomu, Moyo wa Zambarau (Purple Heart), nishani ya waliojeruhiwa vitani, hautolewi kwa neno la familia. Panatakiwa ushahidi kwamba jeraha lilitokana na adui na kwamba alitibiwa. Zipo kumbukumbu za kulazwa hospitali za jeshi za 1942 hadi 1945 ambazo hazikuungua. Fomu NA 13055 ndiyo huwaongoza wanaozitafuta. Wakikataa, wifi anaweza kupeleka ombi la kusahihisha kumbukumbu kwa fomu DD 149.

St. Louis wanahakikisha tu. Nishani hutumwa na ofisi nyingine ya jeshi, kwa hiyo barua inaweza kufika mapema na kifurushi kikachelewa miezi mingi. Kukiwa kimya kupita kiasi, wifi aandikie ofisi ya mbunge wake wa bunge la Marekani. Watamtaka atie saini ridhaa ya kufuatilia faili, kisha watauliza wao. Msimlipe mtu wa mtandaoni anayedai ataharakisha.

Karatasi ikipatikana nipigie picha pande zote mbili, visanduku visomeke vizuri. Nitaiandika barua ya kuomba Nyota ya Shaba kwa Kiingereza, wifi atie saini tu. Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
Zuhura