Barua kwa mwanangu: mnara ulioupaka usoni

Mwanangu Salma,

Ama baada ya salamu, sisi huku Unguja hatujambo, khofu ni juu yako huko Dar es Salaam. Mchoro wako wa Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani pale Mji Mkongwe, umefika kwenye simu. Mama yako alisema "mashaallah", kisha akaniuliza mbona nimekunja uso.

Nilikuwa nautazama mnara. Chini umeandika "umbo la asili, 1883", na mnara umeuweka usoni mwa jumba, kama tulivyoujua sote tangu utotoni. Jumba hilo, alivyolijenga Sultani Seyyid Barghash, halikuwa hivyo. Mnara ulisimama peke yake mbele, upande wa bahari, ukiwaka taa ya kuongozea vyombo. Asubuhi ya 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kumng'oa Khalid bin Barghash, aliyejitawaza sultani. Vita havikufika hata saa moja, lakini mnara ulikwenda, na Beit al-Hukm, jumba la jirani, nayo ikabomoka. Beit al-Ajaib lenyewe liliumia kidogo, na ndipo baadaye likapewa mnara wa saa usoni. Kwa hiyo ukipata picha kuukuu isiyo na tarehe, tazama mnara kwanza, hata kabla ya kutazama mavazi ya watu.

Na usilichore kama jumba la peke yake. Lilikuwa na madaraja yaliyofunikwa ya kupitia kwenda majumba ya jirani. Palipokuwa Beit al-Hukm paliachwa bustani, ndiyo maana macho yetu yamezoea kuona uwazi pale.

Ndani ndiko kugumu zaidi. Tangu 1911 Waingereza walilifanya ofisi za serikali, na wewe unajua ofisi zinavyokata kumbi. Kila ukuta mwembamba uchunguze kabla ya kuuita wa Barghash. Upana nao utakusaidia. Katika nyumba zetu za Mji Mkongwe boriti, ile miti ya mkoko inayobeba dari, ndiyo inayoamua chumba kiwe chembamba, maana mkoko haurefuki kwa amri ya tajiri. Kwenye jumba la Barghash waliingiza mihimili ya chuma, na roshani zikabebwa na nguzo za chuma cha kumimina, ndiyo maana dari ziko juu vile.

Mimi ni fundi wa lipu tu, lakini lipu inasema. Miaka ile nilipokuwa kijana niliipaka saruji nyumba ya mawe ya matumbawe, tajiri akitaka kazi ya haraka. Ukuta ukashindwa kupumua, unyevu ukabaki ndani, na haukupita muda lipu ikaanza kubanduka mapande mapande. Nilirudi kuikwangua kwa aibu na kupaka chokaa. Nakwambia hivi kwa sababu ukikuta saruji juu ya chokaa, hiyo ni mkono wa mtu mwingine, wa baadaye.

Sehemu kubwa ya uso wa Beit al-Ajaib ilianguka 25 Desemba 2020, na mafundi wawili wakafa, Mungu awarehemu. Siku ile nilikaa barazani bila kutia neno mdomoni.

Futa mnara, uchore tena mbele, uniletee. Nimempa mtu wa boti bahasha ya kadi za posta za bibi yako. Moja ina mnara umesimama peke yake. Mama yako ametia na visheti. Usiwagawie wenzio vyote.

Baba yako